Mjomba, globu haina kosa!

Kama mfuko umetoboka wiki hii usijali, tuko wengi. Mimi mwenzako niko salama, na leo sina habari ya nani kaonekana na nani ukumbini. Leo nataka tuongee habari za tochi. Ndiyo, tochi! Usigeuze ukurasa kwanza, kisa hiki kina mambo yake.

Kwetu upande wa mama ni Nanyamba, mkoani Mtwara. Ukitoka Mtwara mjini unashika njia ya kwenda Tandahimba na Newala, bahari unaipa mgongo, na kuanzia hapo ni mikorosho kushoto, mikorosho kulia. Ukifika wakati wa msimu, kuanzia mwezi wa kumi hivi, kila uani utakuta korosho zimeanikwa, na kila kijiwe kina mada moja tu: mnada umefika shilingi ngapi.

Huko ndiko aliko mjomba wangu. Na kwa sisi Wamakonde, mjomba si mtu wa mchezo. Ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo kaka yake mama akikohoa, mpwa unasimama. Ndiyo maana Oktoba mwaka 2023, aliponipigia simu Dar na kuniambia, "Mpwa wangu, niletee globu ya tochi, hii yangu imechoka," sikuuliza mara mbili.

Tochi yenyewe naijua tangu niko darasa la pili. Ya bati linalong'aa, ndefu, inakula mawe matatu. (Wadogo zangu mliozaliwa na simu mkononi: mawe ndiyo betri zile kubwa za kizamani.) Enzi hizo mawe yakichoka, mjomba alikuwa anayaanika juani pembeni ya korosho, jioni anayarudisha, tochi inawaka tena! Sisi watoto tulijua mzee ana dawa. Kumbe wapi, joto linaharakisha kazi ya kemikali ndani ya betri, basi zile nguvu za mwisho mwisho zinatoka kwa kujikamua. Yakigoma kabisa hayatupwi, yanahamia kwenye saa ya ukutani, ambayo inakula umeme kiduchu.

Sasa, tochi hiyo siyo ya kutembelea tu. Mjomba mchana anaokota, usiku anakaa kwenye kibanda chake uani, ambako hakuna taa, anachambua. Korosho nzuri huku, zilizosinyaa na zenye madoa huko. Korosho ina daraja la kwanza na la pili, na bei zake si sawa hata kidogo. Mwaka huo mzigo wake wa kwanza ulikutwa na mbovu nyingi ndani, ukaangukia daraja la pili. Mzee mzima, miaka zaidi ya 40 kwenye korosho, anaambiwa hajui kuchambua! Iliniuma hata mimi. Yeye akasema kosa ni la globu.

Basi bwana, mtu mzima nikaingia Kariakoo. Nilizunguka mpaka miguu ikaomba radhi. Siku hizi kila duka ni tochi za LED, ukiulizia globu ya tochi wanakutazama kama umeulizia dhahabu ya Mjerumani. Mwishoni mzee mmoja akainama chini ya meza, akatoka na kikopo cha bati. Ndani mlikuwa na globu tatu. Nikalipa hela ya soda mbili tatu, nikazitia mfukoni. Juu yake nikanunua na tochi ya LED, zawadi, nimshangaze mjomba.

Nilifika Nanyamba jioni. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa wangu, habari za Dar, nzuri. Ming'oko ikaletwa, tukala. Giza lilipoingia tukaenda kibandani. Nikafunga globu ya kwanza, nikabonyeza swichi.

Mama yangu! Kibanda kizima kikawa cheupe kama mchana. Mjomba akapiga makofi. "Hiyo ndiyo globu, mpwa! Hiyo ndiyo yenyewe!" Kabla hajamaliza kusifu, ikafanya tii! Giza. Imeungua.

Nikafunga ya pili. Ikawaka vizuri tu, mwanga wa manjano ule wa tochi tuliokulia. Mjomba akainamia korosho zake, akainuka, akasonya. "Hii feki. Umeuziwa feki huko Kariakoo." Ya tatu, jibu lile lile. Nikampa na ile ya LED. Akaimulika ukutani, akaniangalia kwa huruma. "Hii inanipiga macho. Naiona imezungukwa na ukungu, kama mwezi wa masika. Chukua taa yako."

Usiku ule niliitwa majina. Mtoto wa mjini, kaliwa Kariakoo. Mke wa mjomba anacheka, binamu zangu wanacheka. Nikasema hapana, heshima yangu haiwezi kufa kwa ajili ya globu. Nikamwita binamu yangu mmoja aliye kidato cha tatu, anayejidai anaijua fizikia. Nikamwambia, "Leta hiyo elimu tuione."

Jambo la kwanza alilofanya dogo lilinitia aibu. Alichukua ile globu iliyoungua, akaisogeza karibu na simu, akasoma maandishi madogo shingoni: 2.5V 0.3A. Hizi mbili nyingine: 3.8V 0.3A. "Kaka," akasema, "hii ya 2.5 ni ya tochi ya mawe mawili. Wewe umeitia kwenye matatu."

Hapo ndipo nilipopata darasa, na wewe lichukue bure. Jiwe moja jipya lina volti 1.5. Mawili ni volti 3, matatu ni 4.5. Globu ya waya ina tabia ya ajabu: ukiiongezea volti asilimia 10 tu, mwanga unapanda kwa karibu asilimia 40, lakini maisha yake yanabaki kama theluthi. Na ukipunguza volti asilimia 10, unapoteza karibu theluthi ya mwanga. Ndiyo maana mawe yakichoka kidogo tu, tochi inakuwa kama kaa la moto. Mimi nilikuwa nimeisukuma ile globu karibu mara mbili ya volti zake. Iliwaka kama jua, ikafa kama kumbikumbi.

Kumbuka hapo, msomaji wangu: mjomba ndiyo aliyoisifu. Mimi wakati ule sikuweka akilini.

Tukabaki na swali letu. Globu mpya ya 3.8 na ile ya zamani ya mjomba, ipi inang'aa zaidi, na kwa kiasi gani? Nilisema tuziwashe moja baada ya nyingine tuangalie. Tukafanya. Mimi nikaona mpya imezidi kidogo. Binamu akasema imezidi sana. Mke wa mjomba akasema ziko sawa. Kasheshe!

Tatizo, wapenzi, ni kwamba jicho ni shahidi mbaya wa mwanga. Limeumbwa lifanye kazi juani na gizani pia, kwa hiyo linajirekebisha kila wakati. Mwanga ukiongezeka mara mbili, jicho linakuambia "umeongezeka kidogo". Ukiangalia taa hii, ukafumba, ukaangalia nyingine, umeshasahau ya kwanza. Jicho haliwezi kukupa namba. Lakini lina kipaji kimoja: ukiliwekea vitu viwili pembeni kwa pembeni, linajua haraka kama viko sawa au haviko sawa.

Na hapo ndipo mafuta ya nazi yanapoingia.

Huko Ujerumani karne ya 19 alikuwepo mkemia anaitwa Robert Bunsen, yule ambaye kichomeo cha gesi cha maabara za shule kina jina lake. Alikuwa na ujanja mmoja rahisi mno. Chukua karatasi nyeupe, weka tone la mafuta katikati, futa. Pale penye doa karatasi inapitisha mwanga zaidi. Isimamishe katikati ya taa mbili. Taa ya nyuma ikizidi nguvu, doa linaonekana jeupe. Taa ya mbele ikizidi, doa linaonekana jeusi. Zikilingana, doa linapotea. Linayeyuka machoni pako!

Tukatoa globu kwenye tochi kabisa. Hii ni muhimu, kwa sababu kile kisahani kinachong'aa nyuma ya globu kinakusanya mwanga na kuutupa mbele, kwa hiyo ukiacha globu ndani ya tochi unapima kisahani, hupimi globu. Na usidharau kazi ya kisahani. Kuna globu moja maarufu ya Marekani ya mawe mawili, inaitwa PR2. Mwanga wake wote ni kama lumeni 10, yaani chini kidogo ya mshumaa mmoja! Mshumaa wa kawaida unakufikisha chooni tu. Hiyo globu ndani ya kisahani inakuonyesha mbuzi aliye ng'ambo ya uwanja.

Dogo akafunga mawe matatu mapya kwenye gazeti, akakaza kwa mpira, waya mmoja chini, akauzungusha shingoni mwa globu, kitako cha globu juu ya jiwe. Akatengeneza na lingine la pili hivyo hivyo. Sisi wa zamani tulicheza hivyo, nikafurahi mambo bado yapo. Tukazima taa zote. Mezani karatasi katikati yenye doa la mafuta ya nazi, globu ya zamani tumeiweka sentimeta 50 kutoka kwenye karatasi, na ile mpya upande wa pili tunaisogeza taratibu. Tepu ya fundi cherehani pembeni.

Mpya ikiwa karibu, doa jeupe. Sogeza nyuma. Doa linafifia. Sogeza. Linafifia. Sogeza... limepotea! Tukaangalia pande zote mbili za karatasi. Tukapima: sentimeta 70. Tukabadilishana mawe, ya huku yaende kule, tusije tukasema ni betri. Tukapata 68.

Sasa hesabu. Mwanga ukienda mbali mara mbili, unatawanyika mara nne. Unahesabu umbali mara umbali. Sabini mara sabini ni 4,900. Hamsini mara hamsini ni 2,500. Gawanya: karibu 2. Yaani globu mpya ilikuwa na mwanga karibu mara mbili ya ile ya mjomba! Na sababu ilikuwa wazi. Kioo cha ile ya zamani kilikuwa kimeingia weusi kwa ndani. Ule uzi wa globu ni tangsteni, na kadiri unavyowaka kwa miaka unapungua kidogo kidogo kama mvuke, mvuke unaganda kwenye kioo. Globu inajipaka masizi yenyewe.

Nikaruka kama nimefunga goli dakika ya 90. "Mjomba! Njoo uone! Globu haina kosa!"

Mjomba akaja, akavuta kigoda. Nikamweleza. Dogo akaisogeza globu mbele, akairudisha nyuma. "Umeliona doa mjomba? Sasa jeupe. Sasa linapotea. Sasa jeusi."

Mjomba akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili. Akasogea mpaka pua inagusa karatasi. Kimya.

"Doa lipi, mpwa wangu?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Dogo akasema labda ni giza. Asubuhi nikachukua ile karatasi, nikatoka nayo nje, jua linawaka, nikainyoosha mbele ya mjomba kama mtu anayesoma gazeti. Doa la mafuta mimi naliona nimesimama hatua tano. Yeye akasema, "Naona karatasi." Nikaigeuza. "Naona karatasi."

Ndugu yangu, pale moyo ulinishuka. Mambo yote yakajipanga mstari mmoja. Ile globu ya kuungua ndiyo pekee aliyoipenda, kwa sababu ilikuwa na mwanga mara kadhaa ya kawaida. Zile mbili nzuri akaziita feki. LED ikampiga macho, akaiona na ukungu. Na zile korosho zilizorudi! Globu ya zamani ilikuwa imefifia kweli, hilo mjomba hakukosea. Lakini hata ile mpya haikumsaidia. Kilichokuwa kimefifia zaidi hakikuwa kwenye tochi.

Kumwambia sasa, ikawa shughuli. Mpwa hawezi kumsimamia mjomba wake akamwambia "wewe huoni". Nikaenda kwa mke wa mjomba jikoni. Akanisikiliza huku anachochea moto, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mwezi wa pili huu ananiuliza chumvi iko wapi, na iko mbele yake. Nilidhani ananitania." Hakusema zaidi. Akavaa kanga, akaenda kwa mumewe. Walizungumza nini sijui, ila mjomba alitoka kavaa shati la kwendea mjini.

Hospitali huko Mtwara mjini mtaalamu alimmulika macho kwa kitochi kidogo (angalia mambo!), akasema: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa lugha yetu, ndani ya jicho mna lenzi safi kama kioo. Kwa wengi, umri ukienda, lenzi inaingia ukungu pole pole, bila maumivu. Mwenyewe hujui. Unalaumu taa, unalaumu chapa ya gazeti, unalaumu mpwa wako. Taa kali inakuwa na ukungu pembeni, ndiyo ule mwezi wa masika wa mjomba. Duniani kote huu ndio ugonjwa unaoongoza kwa kupofusha watu, na wakati huo huo ni wa kutibika. Miwani haiusafishi, wala hakuna dawa ya matone ya kuuondoa, hata yule jamaa wa stendi akuapie. Ni upasuaji mdogo: inatolewa lenzi iliyochafuka, inawekwa ya bandia.

Mjomba alikataa kwanza. Alisema jicho la mtu si injini ya pikipiki. Halafu akauliza msimu unaofuata unaanza lini. Tukamwambia. Akanyamaza njia nzima ya kurudi Nanyamba. Wiki mbili baadaye akanipigia mwenyewe: "Mpwa, nimeamua. Njoo unishike mkono."

Wakafanya jicho moja kwanza. Siku bandeji inatolewa nilikuwepo. Alikaa kitandani, akaangalia mikono yake muda mrefu, mbele na nyuma. Akamtazama mke wake. "Umevaa kanga ya bluu," akasema. Mke wa mjomba akageuka akaangalia dirishani.

Tuliporudi nyumbani kitu cha kwanza alichoomba ni ile karatasi. Dogo alikuwa ameihifadhi kwenye daftari la fizikia. Mjomba akaishika kwa vidole viwili, akainyoosha juani, akatikisa kichwa.

"Mmemwaga mafuta yote haya kwa ajili ya globu? Na nazi ilivyo bei!"

Sasa wewe, mtoto wa mjini. Najua nyumbani una mama, una baba, una bibi au mjomba ambaye siku hizi analalamika taa ya sebuleni haina nguvu, televisheni imefifia, simu uliyomnunulia ni mbovu. Usikimbilie dukani kwanza. Chukua karatasi, tone la mafuta, iweke mezani penye mwanga mzuri, muulize kwa heshima: unaona nini? Hicho si kipimo cha daktari, ni cha kukuamsha tu. Kama hajaliona doa, mtafutie shati la kwendea mjini, mpeleke akapimwe macho.

Mimi ile globu mpya ya 3.8 ilibaki Nanyamba kwenye tochi ya bati. Mjomba anasema siku hizi Kariakoo wanauza globu nzuri kweli kweli.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.